Njia za baiskeli kwenye vilima vya mawe ya chokaa: wenzangu mnazichoraje?

Kokoto Mbili

Wakuu, salaam. Nina baiskeli ya changarawe, tairi za milimita 38, giya ya mbele moja ya meno 42, na kubwa kabisa ya nyuma ina meno 34. Miaka miwili nimeinyonga kwenye tambarare bila lawama. Sasa nimehamia kwenye vilima vya mawe ya chokaa, na Jumamosi nimeumbuka.

Nilichora njia ya kilomita 62 kwenye simu, nikaunganisha kila kinjia cheupe nilichokiona. Programu ikaniambia jumla ya kupanda ni mita 1,450. Nikaipuuza. Nikasema 62 si kitu, natoka saa moja asubuhi, saa sita nimerudi.

Saa sita ilinikuta kilomita ya 38, nakokota baiskeli, chupa zote mbili tupu. Nilikuwa nategemea kijito ambacho ramani imekichora kwa mstari wa buluu. Kufika pale: daraja lipo, kingo zipo, maji hayapo. Mawe meupe na mjusi mmoja. Cha kushangaza, nikiinama karibu na ufa mmoja nasikia maji yanatiririka huko chini, kama mtu anajaza ndoo chumba cha pili. Nilikaa pale na kiu yangu nikisikiliza maji nisiyoweza kuyafikia.

Kwenye kuteremka tairi la nyuma likachanika ubavuni, mpasuko wa urefu kama wa ukucha, tyubu ikachungulia nje. Nikaziba kwa karatasi ya biskuti iliyokunjwa, nikarudi mdogomdogo. Giza limeniingilia njiani.

Naomba mnifundishe: mnachoraje njia huku? Na je, baiskeli yangu haifai, au mwenyewe ndiye sifai?

Mzee wa Mnyororo

Pole sana, Kokoto Mbili. Baiskeli yako ina kasoro zake, hizo waachie wengine. Kosa kubwa ni kwamba umechora njia kitambarare, yaani umetazama barabara. Huku kwanza tazama maji yamekwenda wapi.

Mvua inaposhuka hubeba kaboni dayoksidi kutoka hewani na kwenye udongo, ikageuka asidi dhaifu mno. Wewe hutaionja, lakini jiwe la chokaa linaionja. Maelfu kwa maelfu ya miaka nyufa zinatanuka, zinakuwa mabomba, mpaka kijito kizima kinadidimia tunduni na kuendelea na safari yake chini. Wanajiolojia huita nchi ya namna hii karsti, jina lililotokana na uwanda wa Kras, kwenye mpaka wa Slovenia na Italia. Kwa hiyo mstari wako wa buluu haukudanganya sana. Mvua kubwa zikipiga, kijito hupita juu. Siku nyingine zote kinapita ghorofa ya chini.

Mimi nachora hivi. Naanza na chemchemi. Maji yaliyozama hutokea tena pale jiwe la chokaa linapokalia tabaka lisilopitisha maji, mara nyingi udongo wa mfinyanzi, na hapo ni chini, miguuni pa kilima. Ukitazama ramani utaona makazi ya zamani yamejipanga usawa uleule kama shanga. Hawakupanga kwa bahati, walifuata maji. Nikishazitia alama, ndipo nachora njia isiyoniweka mbali nazo zaidi ya saa mbili.

Pili, mabonde makavu. Haya ni zawadi. Maji yaliyachonga zamani kisha yakahamia chini, yakatuachia mpando wa taratibu unaokufikisha juu bila kukuua. Panda kwa bonde kavu, tembea juu kwenye uwanda, shuka mara moja tu. Wewe naona ulikuwa unakata mabonde kwa upande, moja baada ya jingine, na kila bonde unashuka ukingo mkali na kupanda ukingo mkali wa pili. Hizo ndizo mita zako 1,450. Lakini mbingu zikiwa nyeusi usiingie bondeni, maana bonde kavu hukumbuka kazi yake ya zamani ghafla sana.

Na kwenye ramani ukiona kontua, ule mstari unaounganisha sehemu za kimo kimoja, iliyojifunga kama yai, ina vijino vinavyoelekea ndani, hicho si kilima. Ni shimo, ardhi imetitia. Simu itakuchorea njia ikatize katikati yake bila haya.

Kuhusu maji ya chemchemi, yanang'aa hata unaona punje za mchanga chini. Usiyanywe hivyohivyo. Mchanga huchuja maji polepole, ila mabomba ya chokaa huyapitisha tu na kila kilichomo. Mwaka mmoja niliinama nikanywa kama mwanakondoo, nikalipa siku tatu nzima. Miezi baadaye nikapita juu ya kilima kilekile, nikakuta shimo la kuzamia maji limetupiwa mzoga wa mbuzi. Sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi. Sasa nabeba kichujio na vidonge vya kutibu maji.

Tairi lako halikuchanwa na chokaa. Chokaa ni jiwe laini. Madini yake, kalsaiti, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yako namba 3, hata kisu kinayakwaruza. Aliyekuchana ni gumegume, namba 7, anayejificha ndani ya chokaa kama mbegu ndani ya tunda. Akivunjika anatoa makali ya wembe. Kule Kansas, Marekani, kuna vilima vimepewa jina lake kabisa, Flint Hills, na mbio za Unbound Gravel zinazopita huko tangu 2006 zinajulikana kwa kula tairi. Ukiona barabara nyeupe ina madoa meusi au ya kahawia yanayong'aa kama chupa, punguza mwendo.

Pancha Tatu

Namheshimu Mzee ila gumegume asibebeshwe kesi yote. Mkuu, hujatuambia upepo. Naotea ulijaza psi 60 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), kama watu wote wa lami. Hiyo ni ngoma, si tairi. Tairi gumu haliwezi kulimeza jiwe, ndiyo maana linakatwa.

Mimi nina kilo 74, tairi za milimita 45 zisizo na tyubu, dawa ya pancha ndani, psi 30 mbele na 33 nyuma. Kwenye mkoba wa kiti nabeba kipande cha tairi kuukuu la barabarani, ukubwa wa vidole vitatu. Ubavu ukipasuka nakibandika kwa ndani, naweka tyubu, naondoka. Karatasi ya biskuti ni ubunifu, hongera, lakini usiizoee.

Dada Breki

Mimi nazungumzia giya, kwa sababu naona wanaume wanaizunguka.

Meno 42 kwa 34, kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu linakwenda kama mita 2.7. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, uko karibu kilomita 10 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 12 hiyo ni kupaa takriban mita 1,170 kwa saa. Hayo ni mapafu ya mashindano. Si kwamba hufai, hesabu ndiyo haikubali. Tafuta mbele 30, nyuma 40 au zaidi, utapanda umekaa. Na kukaa ndiyo siri yenyewe, maana kwenye kokoto legevu ukisimama gurudumu la nyuma linazunguka bure.

La pili, unga mweupe. Changarawe ya chokaa ikiwa na unyevu kidogo hushikana, inapitika vizuri kuliko barabara nyingi. Ikiloa kabisa inakuwa uji, na ule uji ni msasa. Niliwahi kumaliza pedi za breki mpya kwa siku moja ya mvua, nikasikia chuma kinasaga disiki nikiwa bado juu. Osha baiskeli kabla uji haujakauka. Ukikauka unang'ang'ania kama plasta. Na jiwe tupu lililosuguliwa na magurudumu, likiloa, vuka ukiwa umenyooka, usiguse breki.

Mzee wa Mnyororo

Pancha Tatu, psi 30 kwa kilo 74 sawa, lakini usimwambie mwenye tyubu ashuke hivyo. Atagonga rimu, apate mipasuko miwili pembeni ya tyubu kama meno ya nyoka. Yeye na milimita 38 aanzie 42 hivi, ashuke kidogokidogo. Kwa giya sina neno.

Kokoto Mbili

Mrejesho, wakuu. Nimebadilisha giya za nyuma na ya mbele, upepo psi 41. Nimechora upya kwa penseli: kilomita 48, kupanda mita 690, bonde kavu moja refu mpaka juu, kisha uwanda wote. Sikushuka kukokota hata mara moja. Chemchemi ya kwanza niliikuta mita chache kutoka alama yangu, chini ya mti, miguuni pa kilima kama Mzee alivyosema. Nimechuja kwanza, msiniulize.

Pia nimeokota lile jiwe jeusi. Nimelikwaruza kwa ufunguo, ufunguo ndio ulioacha alama ya chuma juu yake.

Dogo tu: tangu juzi breki ya nyuma inalia kama paka kakanyagwa. Kulikuwa na manyunyu nikirudi. Shida ni nini?

Dada Breki

Uliiosha ulipofika?

Kokoto Mbili

Niliegesha nikalala.

Dada Breki

Toa gurudumu, chomoa pedi, utuambie zimebaki unene gani.