Tupeane uzoefu: kugeuza msururu wa TV wa anga za mbali kuwa filamu moja

MwanaDunga, Kisumu
Wadau, mada ni hii. Kuna msururu wa bunilizi ya kisayansi, mashabiki wake si wengi ila hawaambiliki, stesheni imeukata, na sasa inatakiwa filamu moja. Nini kibaki, nini kitupwe, na kazi ifanywe vipi kwa mfuko wa huku kwetu? Leteni vipimo. Zile za "siku moja nikiwa seti" tuziweke kwa chai.

KalamuYaMenengai, Nakuru
Anza na hesabu. Firefly, msururu wa anga wa Marekani wa 2002, ina vipindi 14 vya takriban dakika 45, yaani zaidi ya saa kumi. Filamu yake, Serenity ya 2005, ni dakika 119. Saa kumi haziingii mle hata ukizikanyaga kama pamba guniani. Joss Whedon, mtunzi wa msururu na mwongozaji wa filamu, alichofanya ni kuokota swali moja lililokuwa limeachwa likining'inia, kwamba yule binti River alifanywa nini na anajua nini, akalifanya uti wa mgongo.

Angalieni pia alivyopunguza abiria. Wahusika wakuu walikuwa tisa. Filamu inapoanza Inara na Book hawamo chomboni, wanaishi kwingine. Mtazamaji mgeni anazoea sura saba kwanza, hao wawili wanakuja baadaye. Hakuna aliyefutwa, mashabiki hawakulia. (Walilia mbele kidogo, kwa sababu nyingine.)

Kazi ya mezani: kila kipindi kadi moja, mistari mitatu. Nani alitaka nini. Nini kilibadilika kisirudi kilivyokuwa. Siri gani ilitoka. Kadi ambayo mstari wa pili ni mtupu, itoe hata kama ndiyo iliyowachekesha watu zaidi. Zikibaki zaidi ya tano kwa filamu ya dakika 90, bado unashona vipindi.

JaNam
@KalamuYaMenengai na yule ambaye hajaona hata kipindi kimoja? Si atapotea?

KalamuYaMenengai, Nakuru
Atapotea ukimpa maandishi marefu mwanzoni, au nahodha anayemweleza msaidizi wake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Serenity inaanza na somo darasani. Somo linageuka ndoto, ndoto inageuka maabara, kaka anamtorosha dada yake, halafu picha inaganda: kumbe ni rekodi, na anayeitazama ni mtu anayewasaka. Mgeni amepata historia, mkimbizi na adui, na hakuna aliyemhutubia.

Njia nyingine ni ya filamu ya pili ya Star Trek, 1982. Adui wake, Khan, alitoka kwenye kipindi kimoja tu cha msururu, cha 1967. Habari zake za nyuma anazitoa yeye mwenyewe kwa hasira, akiwasimanga waliomkuta kwenye sayari alikotupwa. Maelezo yakitoka kinywani mwa mwenye kisasi, hakuna anayeyaona kuwa maelezo. Ila hapohapo pana tundu: Khan anamtambua afisa Chekov, na Chekov hakuwa ameanza kuonekana kwenye msururu wakati kipindi kile kiliporushwa. Mashabiki hawajaacha kulitaja. Kwa hiyo weka daftari la mwendelezo: nani alikutana na nani, kipindi gani, kovu lipo shavu gani.

Jaribio: msomee skripti mtu asiyeujua msururu, simama ukurasa wa 15, muulize nani anataka nini na nani anamzuia. Akishindwa kujibu, rudi mezani.

FundiKibuye
Seti. Kabla ya kubomoa seti ya msururu pima kila kitu kwa futi, piga picha kila pembe. Chombo cha Serenity ilibidi kijengwe upya kwa kugandisha picha kutoka DVD za msururu, kwa sababu cha kwanza hakikuwepo tena. Wao walikuwa na hela ya kufanya hivyo.

Ujia wa chombo wa futi 16 kwa urefu, 4 kwa upana na 8 kwenda juu: plaiwudi nane za 8 kwa 4 zisimamishwe, nne kila upande. Milimita 9 inatosha. Nyuma weka fremu ya mbao 2 kwa 2. Usipigilie ukuta kwa ukuta misumari. Tumia bolti na nati za masikio ili ukuta mmoja utoke, kamera ipate pa kusimama. Wengi hujenga kisanduku kizuri kisha wanagundua kamera haina nafasi ya kurudi nyuma.

Rangi iwe isiyong'aa. Gloss inarudisha taa usoni na kila mkunjo wa plaiwudi unaonekana. Ujia huohuo unaweza kuwa sehemu tatu za chombo ukigeuza paneli juu chini na kubadili rangi ya taa, mradi usiache mlango wenye alama inayokumbukwa.

StimaNaSauti, Kisumu
Nyongeza kwa fundi. Taa za utepe za 12V, zile zenye vitaa 60 kwa mita aina ya 5050, hula takriban wati 14 kwa mita. Roli ya mita 5 ni kama wati 72, yaani ampea 6. Nunua adapta ya ampea 10. Ya 5 itachemka na kuzima katikati ya shoti. Na usipunguze mwanga kwa dima ya bei rahisi. Inawasha na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, lakini kamera inaona, utapata mistari inayopanda ukutani. Funika kwa karatasi ya kuokea au toa baadhi ya tepe.

Stima yetu ni hezi 50, basi rekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukichanganya picha za zamani za fremu 25 na filamu ya 24, dakika 90 zinakuwa 93 na sekunde 45, na sauti za waigizaji zinazama kidogo. Amua mapema.

Ukumbi wa mabati Kisumu: mazungumzo yote asubuhi. Mvua ya alasiri ikishuka juu ya mabati hakuna maikrofoni itakayokusaidia. Alasiri rekodi mbio, mikono, vitufe.

Umbo pana la sinema la 2.39 (upana mara 2.39 ya kimo) linavutia, lakini kwenye skrini ya kawaida ya 16:9 unapoteza robo ya kimo kwa mikanda myeusi. Watazamaji wengi wakiwa wa simu, kaa 16:9.

JaNam
Na sayari tuipate wapi?

FundiKibuye
Nakuru mmejaliwa. Kariandusi ina machimbo meupe pepe. Vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta, na ongeza mwanga wa kamera kwa stopu moja (mara mbili) au uso wa mwigizaji utakuwa mweusi tii. Olkaria, kunakofuliwa umeme wa mvuke wa ardhini, ina mabomba na mvuke. Leseni ya kurekodi ni KFCB (bodi ya filamu), droni ni KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), ndani ya mbuga ni KWS (shirika la wanyamapori), na mwenye mgodi naye aulizwe.

SahihiKwanza
Haya yote bure kama haki si zako. Kubadilisha jina la chombo hakukuokoi, na "tunaonyesha bila malipo" si kinga. Serenity yenyewe ilitengenezwa na Universal baada ya kupata haki za filamu kutoka Fox, wenye msururu. Kwa msururu wa nyumbani, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka uhamisho wa haki uwe wa maandishi na wenye sahihi. Chukua sahihi ya kila mwandishi, na ya mtunzi wa muziki kivyake. Huyo wa muziki ndiye husahaulika.

MwanaDunga, Kisumu
Swali la mwisho kwa leo: lugha. Kwenye Firefly wakikasirika wanatukana Kichina, wala hakuna tafsiri chini. Sisi?

KalamuYaMenengai, Nakuru
Mazungumzo Kiswahili, hasira Dholuo au Kiluhya, na usizitafsiri. Lakini chagua lugha moja ya hasira kwa kila mhusika, uiandike kwenye daftari lile la mwendelezo.