Kutu chini ya paa la vainili: nibandue lote, au pembe iliyoharibika tu?

Muulizaji, Tororo

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninayo Ford Cortina ya mwaka 1973, yenye paa lililofunikwa vainili nyeusi (ile plastiki inayofanana na ngozi), ambayo marehemu baba alituachia na ambayo nimekusudia kuitunza mpaka wanangu waje kuiendesha. Tangu mvua za Machi zianze, nimeona vipele vikiinuka chini ya vainili karibu na pembe ya chini ya kioo cha nyuma. Nikivibonyeza kwa kidole gumba nasikia kitu kikivunjika kama maganda makavu ya karanga, na kila baada ya mvua kubwa kitambaa cha dari kinabaki na doa la rangi ya chai.

Fundi mmoja wa hapa mjini ameshauri tupasue vainili pale penye vipele tu, tukwangue kutu, tujaze puti (ile lahamu ya kusawazishia bodi), kisha tuibandike tena kwa gundi, kazi ya siku moja. Bei yake naimudu, lakini moyo haujatulia, kwa maana sijui hali ya bati mahali ambapo vainili bado inaonekana nzima. Je, nikubali? Na nikibandua yote, nirudishe vainili au nipake rangi tu?

Fundi wa bodi, Jinja

Usikubali, ndugu yangu. Maji hayapenyi katikati ya vainili iliyo nzima. Huingia kwenye mishono, chini ya kanda za kromu, na hasa kwenye vile vishikizo vya kanda vilivyofungwa katika bati kuzunguka vioo. Yakishaingia hayana pa kutokea. Mchana jua huyageuza mvuke, mvuke husambaa kati ya gundi na bati, na usiku hurudi kuwa matone mahali pengine ambapo wewe huoni kipele chochote. Ndiyo sababu chini ya kipele cha ukubwa wa sarafu nimewahi kukuta kutu ya ukubwa wa sahani. Tena, paa lililokusudiwa kufunikwa mara nyingi halikupakwa rangi kamili kiwandani kama ilivyopakwa milango, kwa hiyo bati lenyewe lina kinga ndogo.

Puti haizuii kutu. Ikiwekwa juu ya tundu hunyonya unyevu unaotoka ndani, na baada ya misimu michache huachia, wakati kutu pembeni yake imekwisha kuongezeka.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, shusha kitambaa cha dari taratibu, uingie ndani ya gari, na mwenzako amulike kwa kurunzi kuzunguka vioo. Kagua pia mfereji wa maji ulio juu ya milango. Bati zima hulia kwa sauti kali ukiligonga kwa kucha; lililoliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Pitisha na sumaku kwa nje, ukilinganisha upande mmoja na mwingine, kwa kuwa inaposhika kwa ulegevu zaidi huenda kuna puti ya zamani ambayo hata baba hakuwahi kuambiwa.

Mwenye gari la aina hiyo, Mbale

Mzee wa Jinja amesema kweli, nami naongeza onyo lililonigharimu. Nilizungushia silikoni kwenye kioo cha nyuma, ile yenye harufu ya siki, nikaridhika kwa kuwa doa la ndani lilikauka. Kumbe silikoni ya namna hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati, na juu ya hilo nilikuwa nimeyafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia. Nilipokuja kutoa kioo, ukingo wa chini ulibomoka mkononi. Ikiwa huna fedha za kazi yote sasa, usizibe chochote. Liweke gari chini ya banda lenye hewa, wala usilifunike turubai la plastiki, maana unyevu utabaki humo humo.

Mwanachama, Kampala

Kuhusu swali la pili, mimi ningepaka rangi. Katika jua letu hili vainili hukauka na kupasuka, na wengi hubandikiwa ile ya viti, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya jua na mvua. Bati la kukata viraka utalipata Katwe, hapa Kampala, bila shida. Vainili halisi ya paa la gari ndiyo ngumu kupatikana.

Fundi wa bodi, Jinja

Hapo naomba kutofautiana kidogo. Gari la urithi lina sura yake, na vainili hudumu iwapo bati la chini limepakwa rangi kamili kana kwamba halitafunikwa. Toeni vioo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, pasheni vainili joto la wastani huku mkiivuta polepole, ondoeni gundi, msugue mpaka bati ling'ae. Palipotoboka pakatwe hadi kwenye bati zima na pachomelewe kiraka, kwa nukta chache mkihamahama na kusubiri pipoe, kwa sababu paa ni pana na jembamba, nalo likipata moto mwingi mahali pamoja hupinda na halirudi. Kitambaa cha dari na viti viwe nje, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Kisha praima ya epoksi (rangi ya awali ya kukinga bati), dawa ya kuziba maungio, rangi, na kungoja mpaka rangi ikauke kabisa kabla ya gundi.

Muulizaji, Tororo

Ahsanteni sana, wazee wangu. Jana nilishusha kitambaa cha dari kama nilivyoelekezwa. Chini ya vipele kuna matundu matatu, lakini pembe ya kushoto, ambayo kwa nje ni laini kabisa, kurunzi ilionyesha matundu katika sehemu saba. Nimemwarifu fundi wa hapa kwamba sitaendelea na kiraka cha puti. Vioo vitatolewa mvua zikikatika mwezi Juni, na rangi nitaipaka kamili kwanza; vainili nitaitafuta taratibu, na gari litatembea bila hiyo hadi nipate iliyo sahihi.