USHAURI: Saikasi za marehemu mama zimeota unga mweupe, nataka kuleta wadudu wanaokula wadudu

kobe_wa_tabata: Wakuu habari za jioni. Nina saikasi tano, ile mimea inayofanana na mtende mfupi, kwenye vyungu hapa Tabata, alizipanda marehemu mama, majani yamejaa vidoa vyeupe kama mtu kamwagia unga wa muhogo na sasa yanageuka njano kuanzia chini. Nimeosha, vinarudi. Sisimizi hakuna, kunata hakuna. Nimesikia kuna wadudu wanaowala hawa, jamaa mmoja anasema ataniletea kutoka nje. Wanawekwaje kwenye mti wasiruke? Silali jamani.

Mama Vyungu: Pole mwanangu. Mimi nauza maua miaka mingi, hiyo ni njaa ya mbolea. Weka samadi ya kuku ila iwe imeoza, kuna mwaka niliweka mbichi ikaunguza waridi zote na mteja alishalipa, nililia siku nzima.

bwana_shamba_mstaafu: Kijana, chukua pini bandua kidoa kimoja. Gamba likitoka peke yake na mdudu akabaki kwenye jani, huyo ni mdudu gamba, aina ya gamba gumu. Lile gamba si mwili wake, ni kama paa. Na hawa hawatoi maji matamu ndio maana sisimizi huwaoni.

kobe_wa_tabata: Nimebandua sasa hivi kwa tochi ya simu. Kamebaki kadudu ka njano, kadogo kuliko punje ya ulezi, nimekaminya kametoa maji.

bwana_shamba_mstaafu: Basi yuko hai, mfu huwa mkavu. Umepuliza dawa gani?

kobe_wa_tabata: Za kawaida tu mzee wangu.

bwana_shamba_mstaafu: Kawaida ipi?

kobe_wa_tabata: Ya mbu na mende, ile ya kuchanganya na maji, kila Jumamosi tangu mwaka jana. Lakini mimi napuliza baraza sio maua, nina mtoto wa miezi saba na mbu wa huku mnawajua. Na hao wadudu nimeshalipa nusu, siwezi kuacha hela ipotee hivihivi.

zumari_la_temeke: Yaani unaajiri walinzi halafu kila Jumamosi unawapulizia sumu 😂

Dada Salma: Mtoto wa miezi saba na sumu kila wiki? Chandarua kinashinda nini? Hilo la maua litasubiri.

bwana_shamba_mstaafu: Salma yuko sahihi. Dawa ile gamba linaizuia, inaowaua ni nyigu mdogo na mbawakawa wadogo weusi wanaomla huyu mdudu, kwahiyo yeye anabaki anazaa bila adui. Anafanana na yule wa saikasi aliyeonekana Florida 1996, kwao ni Asia ya kusini-mashariki. Wamarekani walimfuatia maadui zake Thailand, lakini waliwapima kwanza karantini ndipo wakawaachia. Wewe kuleta kwenye begi bila kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usithubutu.

kobe_wa_tabata: Sasa zote sita zife mzee? Mama alizitoa Kisarawe zikiwa vichanga.

mjumbe_wa_nyumba_kumi: Sita? Mwanzo zilikuwa tano. Wakuu hii chai, kesho ataleta namba ya kuuza hao wadudu.

kobe_wa_tabata: Naapa situngi. Ya sita iko nyuma ya tenki la maji, sikuihesabu kwa sababu haijaugua.

bwana_shamba_mstaafu: Ngoja. Bomba lako la dawa linafika huko?

kobe_wa_tabata: Halifiki.

bwana_shamba_mstaafu: Nenda sasa hivi, geuza jani.

kobe_wa_tabata: Magamba yapo ila machache. Mengi yana tundu duara juu, kama yametobolewa na sindano.

bwana_shamba_mstaafu: Hapo ndipo nyigu ametokea! Unao tayari nyumbani, bure. Acha kupuliza. Kwenye zile tano kata majani yaliyojaa kabisa uchome, mengine sugua jioni kwa mswaki na maji ya sabuni, chini ya jani hasa. Halafu kata vijani vya ile ya sita, vile vyenye magamba ambayo hayajatoboka, vifunge kwenye zile tano, nyigu waliomo watatokea hapo. Na fukua kidogo uangalie mizizi, aina ile ya Florida hushuka hadi huko. Ni kazi ya miezi, sio wiki.

mjumbe_wa_nyumba_kumi: Nimeona picha ya matundu. Samahani mkuu.

Mama Vyungu: Na samadi je?

kobe_wa_tabata: Samadi baadaye mama. Jamaa nampigia hapokei, nimemtumia meseji asilete. Vijani nimeshavikata, nimevitia kwenye bahasha, nikimaliza kusugua navifunga. Chandarua wife ameshakishusha.