Mrejesho: kitabu au video kwa anayeanza mazingaombwe ya sarafu

Niliwauliza nianze na kitabu au video. Wengi mlinielekeza kwenye kitabu cha J. B. Bobo, Modern Coin Magic, cha mwaka 1952. Nimekipata. Kinene kweli, na sijavuka sehemu ya kuficha sarafu kiganjani, maana sarafu yangu bado inadondoka nikigeuza mkono. Maelezo yanaeleweka, ila kasi ya mkono niliipata kwenye video. Nilikosea kutazama walimu kumi kwa mbinu moja, kila mtu na vidole vyake! Sasa nafuata mmoja. Kioo nacho kilinidanganya: kumbe kila nikificha nafumba macho, hivyo sikujiona. Kujirekodi kwa simu ndiko kulikoniumbua. Ahsanteni, hasa aliyesema nishike sarafu kubwa kwanza.