Waya wa spika: nikate kwa mita au ninunue seti ya gharama?

Mwenyeji wa Walukuba
Ndugu zangu, mwisho wa mwezi huu nataka kununua waya wa kuunganisha amplifaya na spika zangu mbili za sebuleni, na niko njia panda. Duka moja hapa Jinja linauza waya mwekundu na mweusi unaokatwa kwa mita. Jingine linanishawishi nichukue seti yenye vichwa vya dhahabu, ambayo bei yake inakaribia mara nane ya ule wa kwanza. Nimetenga shilingi 250,000. Je, nitasikia tofauti?

Fundi wa Bombo
Ndugu, umeyaacha yale hasa yanayoamua. Kutoka kwenye amplifaya hadi spika ya mbali ni mita ngapi, waya ukipita kando ya ukuta? Spika zimeandikwa omu 4 au 8 (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme)? Waya huo una unene wa milimita ngapi za mraba? Wekundu na weusi ni rangi ya plastiki tu.

Msikilizaji wa Ntinda
Mimi ningechukua seti bila kusita. Nilipobadilisha waya zangu mwaka jana, sauti za waimbaji wa kike zilitoka wazi kuliko zamani, na masikio yangu nayaamini.

Dada wa Arua
Kabla ya bei, hakikisha ni shaba. Mwaka 2022 niliuziwa mita 20 za waya nilioambiwa ni shaba tupu, na kwa macho ulikuwa na rangi hiyo kweli. Baada ya miezi michache spika ya kushoto ikaanza kukatakata. Nilipolegeza skrubu nyuma yake, nyuzi zilibaki mkononi zimevunjika kama mabua makavu. Nikakwaruza uzi mmoja kwa wembe: ndani ulikuwa mweupe, alumini iliyopakwa shaba. Nilikata ncha nikaifunga upya, lakini wiki ya pili uzi uliovunjika ukagusa upande wa pili nyuma ya amplifaya, nayo ikanyamaza. Fundi alinionyesha transista za kutolea sauti zimeungua. Mwenye duka alikataa hata kuutazama waya ule. Amplifaya hiyo niliachiwa na marehemu baba, na hadi leo inaniuma.

Fundi wa Bombo
Pole sana, dada. Mwenyeji, shaba ya milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.007 kwa mita. Spika ikiwa mita 5 mbali, umeme huenda na kurudi mita 10, yaani omu 0.07, kiasi kisichofika asilimia moja ya spika ya omu 8. Ukitumia waya wa milimita 0.5 za mraba, unafika omu 0.34, na kwa spika ya omu 4 hicho si kidogo. Hata fedha inayosifiwa sana huipita shaba kwa takriban asilimia 6 tu. Dhahabu kwenye vichwa haishiki kutu, na kwa unyevu wa ziwani hilo lina maana, lakini haiongezi utamu wa sauti.

Msikilizaji wa Ntinda
Mzee, hesabu yako siipingi, ila mimi nilisikia nilichosikia.

Fundi wa Bombo
Basi mwombe mtu wa nyumbani abadilishe waya mara kumi bila kukuambia upi umefungwa, nawe uandike unachosikia.

Mfugaji wa Mbarara
Mnashindania waya wa spika, na kwangu balaa lilikuwa waya wa RCA, ule wa kupitisha sauti kati ya king'amuzi na amplifaya. Sebule nzima ilinguruma hadi nilipochomoa waya wa antena. Kumbe shida ilikuwa eathi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini.

Fundi wa Bombo
Hilo ni kweli kabisa. Waya wa RCA hubeba umeme mdogo mno, kwa hiyo ndio unaohitaji wavu mzuri wa shaba kuuzunguka, ingawa wavu hautibu eathi mbovu.

Mwenyeji wa Walukuba
Nimepima: spika ya mbali ni mita 7, na zote mbili zimeandikwa omu 6. Dukani nimekwaruza kipande cha waya wa kukatwa wa milimita 2.5, na nyuzi zake ni nyekundu hadi ndani. Lakini mzee wa Mbarara amenigusa, kwani amplifaya yangu nayo hunguruma ninapounganisha king'amuzi, na antena sijawahi kuichomoa. Jioni hii nitaijaribu kabla sijatoa hata shilingi moja. Mngurumo ukiendelea, nianzie kwenye waya wa RCA au kwenye soketi ya ukutani?