Mjadala: Je, Edward James Olmos alikosea kuongoza American Me?

Nauweka mjadala huu wazi kwa sababu kila anapotajwa Edward James Olmos, mwigizaji na mwongozaji mwenye asili ya Meksiko aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1947, lawama ile ile huibuka: kwamba aliyewapa watu wake heshima kwenye filamu ndiye huyo huyo aliyewavunjia heshima mwaka 1992 kwa American Me, inayosimulia genge lililoota mizizi katika magereza ya California.

Heshima inayosemwa ni ya Stand and Deliver, ya mwaka 1988, ambamo aliigiza kama Jaime Escalante, mwalimu wa hisabati kutoka Bolivia, anayeonekana darasani akipasua matufaha kwa kisu cha bucha ili wanafunzi waelewe hesabu za sehemu. Nafasi hiyo ilimfikisha kwenye orodha ya wawania tuzo ya Oscar. Wanaomlaumu wanauliza kwa nini, baada ya mwalimu huyo, alituletea muuaji, ilhali Hollywood ilikwisha kuwachora Wameksiko kama wahuni kwa miongo mingi.

Swali ni la haki, lakini sikubaliani na jibu lao. American Me inaanzia mwaka 1943, vijana wa Kimeksiko walipokuwa wakipigwa mitaani na mabaharia wa Kimarekani, kisha inamfuata mhusika mkuu, Santana, hadi jela ya watoto, anakobakwa na, kwa kulipiza kisasi, kuua. Filamu nyingi za magenge humpa mkubwa wa genge suti, gari na sifa. Huyu wa Olmos, aliyelelewa na jela, hata kumpenda mwanamke hajui, na mwishowe anauawa na watu wake mwenyewe. Kijana anayeitazama filamu hiyo hatamani kuwa Santana.

Lawama iliyo nzito zaidi, na naomba isichanganywe na hiyo ya taswira, ni ya usalama. Mwaka ule ule wa 1992 filamu ilipotoka, mmoja wa washauri wake, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi na vijana wa magenge, aliuawa kwa risasi, na wengi wakakihusisha kifo chake na filamu. Hapa sina utetezi mwepesi. Anayesimulia habari za genge lililo hai hubeba dhamana ya watu wa mtaani watakaobaki pale pale, bila mlinzi, baada ya kamera kuondoka, na dhamana hiyo haipungui hata kidogo kwa sababu nia yake ilikuwa njema.

Mwaka 2006 Olmos aliongoza Walkout, kuhusu wanafunzi wa Los Angeles Mashariki waliogoma na kutoka madarasani mwaka 1968 wakidai elimu bora. Basi wanaosema angebaki na habari za namna hiyo tu wanijibu: habari ya yule mtoto wa jela ilikuwa isimuliwe na nani, na kwa tahadhari gani?