IST inavuma nyuma kuanzia spidi 60: nianze na beringi, tairi au difu?

Kijana wa Tabata:
Wakuu habari zenu. Nina Toyota IST, inavuma kwa nyuma. Mjini kwenye foleni haisikiki, ila nikishapita Kibaha barabara ikafunguka, kuanzia spidi 60 inaanza "uuuuu". Ikifika 80 au 90 aliyekaa siti ya nyuma hasikii redio. Nikipunguza mwendo na mvumo unapungua, nikisimama kimya kabisa. Fundi wa kwanza kasema ni beringi za nyuma zote mbili. Wa pili kasema tairi. Wa tatu kaingia chini ya gari akatoka na jibu la difu. Nimeulizia bei: habu (kitovu cha gurudumu) yenye beringi yake laki 1 na 30 kila upande, tairi mpya mbili laki 2 na 80, difu ya mtumba bado sijapata bei ya kueleweka. Hela niliyonayo inatosha kimoja tu, na kabla ya Krismasi naenda Moshi na familia. Nyie mngeanza na kipi?

Fundi Kimara:
Mkuu, IST ipi? NCP60, 61 au 65? Hapo ndipo pa kuanzia. 60 na 61 zinavuta mbele tu, nyuma kuna boriti na magurudumu yanayoburuzwa, hakuna difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) wala propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma). 65 ndiyo 4WD, inavuta magurudumu yote manne. Kama yako ni 60, huyo fundi wa tatu kaiona difu gani? Soma kibati kwenye chumba cha injini halafu urudi hapa. Taja na tairi ulizofunga: mpya au mtumba, lini, mbele na nyuma zinafanana?

Rift Valley Driver:
Salaam kutoka Nakuru ndugu zangu. Hiyo ni beringi, msimzungushe kijana wa watu. Mvumo unaopanda na kushuka na spidi, bila kujali gia, ni beringi. Mimi gari yangu ilifanya hivyo hivyo, nikaenda Grogan pale Nairobi nikachukua habu ya Japan iliyotumika, ikafungwa siku hiyo hiyo, na mpaka leo gari imetulia. Achana na tairi.

Dada wa Mbezi:
Kaka, swali la muhimu: ulianza ghafla au ulikuja taratibu? Umepiga shimo kubwa hivi karibuni? Na ulibadilisha chochote kabla haujaanza?

Kijana wa Tabata:
Asanteni sana. Kibati kinasema NCP65. Ulikuja taratibu, nadhani ulianza baada ya kufunga tairi mbili za mtumba nyuma, sina hakika. Shimo sikumbuki, ila barabara ya mtaani kwetu wote mnaijua.

Fundi Kimara:
Umeona sasa. Mambo mawili hayo yangekuokolea hela tangu post ya kwanza. Kwanza, hiyo bei ya habu ni ya gari ipi? Beringi ya nyuma ya 65 si ile ya 60. Ukienda Gerezani ukasema "IST" tu, utapewa ya 2WD, inayovuta mbele tu, kwa sababu ndizo zimejaa mjini, na muuzaji akishafungua boksi harudishi hela. Nenda na namba ya fremu. Pili, tairi za mtumba nyuma na mvumo kuja baada yake, hapo usitoe hata shilingi kununua beringi kabla ya kupima tairi.

Mzee wa Propela:
Vijana, msitaje spea kabla ya kupima. Vipimo vyenyewe havina gharama.

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari. Ukiwa 80 achia mafuta, weka gia fri, uache gari iserereke. Mvumo ukibaki vile vile, injini na gia hazimo kwenye kesi. Kisha rudisha gia, kanyaga mafuta, achia, kanyaga tena. Difu ina tabia ya kubadilisha sauti hapo: inalia ikivuta na kunyamaza ikiachiwa, au kinyume chake. Beringi ya gurudumu na tairi hazijali sana kama umekanyaga au umeachia.

Ukimaliza hapo, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia ndani ya njia yako. Ukienda kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Tairi mara nyingi haibadiliki kwa kuyumba, inabadilika na barabara. Pita kwenye lami mpya laini kisha kwenye lami ya kokoto. Sauti ikibadilika sana, hiyo ni tairi.

Mwisho, piga jeki gurudumu moja moja, injini imezimwa, mawe yamezuia magurudumu mengine, handibreki imeachiwa. Zungusha kwa mkono mmoja, mwingine ushike springi ya upande huo. Beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza kwenye vidole hata kama sikio halisikii.

Fundi Kimara:
Shikamoo mzee. Naongezea jambo moja ambalo mafundi wa mtaani hulifanya na ni hatari: kwa 65 msiwashe injini na kuingiza gia wakati magurudumu ya nyuma yako juu ya jeki na ya mbele yako chini. Ni 4WD muda wote, ya mbele yatavuta na gari itaruka kwenye jeki. Ninyanyue mikono mara ngapi kwa hili? Mtu akiwa chini ya gari hapo ni msiba.

Rift Valley Driver:
Mzee, heshima yako, ila hilo la kushoto na kulia si sheria. Kuna beringi hulia zaidi ikipunguziwa uzito kuliko ikiongezewa. Nimeona fundi akitoa ya kulia kwa kipimo hicho, na mbovu ikawa ya kushoto.

Mzee wa Propela:
Marahaba Fundi. Na wewe wa Nakuru, inatokea, sikatai. Ndiyo maana nimetaja jeki na springi baada yake. Kipimo kimoja hakihukumu.

Mwana wa Handeni:
Kijana, soma hii kabla hujaenda Ilala kutafuta difu.

Nilikuwa na RAV4 ya 4WD, ikaanza kuvuma nyuma kama unavyoeleza. Gereji moja, siitaji, wakanihakikishia ni difu. Nikanunua difu ya mtumba, nikalipa na ufundi, wakafunga. Natoka getini, mvumo uko pale pale. Nikarudi, wakasema basi ni beringi ya katikati ya propela. Nikanunua, wakafunga, mvumo uko pale pale. Wakaanza kusema difu niliyowaletea nayo ni mbovu, nitafute nyingine. Nikaomba difu yangu ya mwanzo, wakasema imeshachukuliwa na wauza chuma chakavu. Nilikasirika mpaka leo nikiandika hapa mkono unatetemeka.

Siku naenda nyumbani, kabla ya Mkata tairi ya nyuma kushoto ikapata msumari. Nikafunga tairi ya spea, nikaondoka. Kilomita chache mbele mke wangu anauliza, mbona gari imenyamaza? Haikunyamaza yote, lakini mvumo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Nikasimama, nikapapasa ile tairi iliyotoka. Ukipeleka kiganja upande mmoja ni laini, ukikirudisha kinakwama kwenye meno kama ya msumeno. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, tairi ilikuwa inadunda barabarani na kujichonga vilima. Difu yangu nzima kabisa imeishia kwenye chuma chakavu.

Kwa hiyo papasa tairi. Leo, sasa hivi, kabla hujalala.

Dada wa Mbezi:
Pole sana Mwana wa Handeni. Hii inaniuma kwa sababu hata mimi nimeshaambiwa "badilisha kwanza tuone". Tunaona kwa hela ya nani?

Fundi Kimara:
Pole mkuu. Lakini wengine wasisome hapo wakadhani kila mvumo ni tairi. Tairi ya meno itakukera kwa kelele, beringi itakuangusha. Ikishalika sana gurudumu linapata mchezo, linainama, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) inaweza kuwaka, breki ya upande huo inashika vibaya. Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, gari imejaa watoto na mizigo. Mimi kama sijajua ni kipi, siondoki.

Kijana wa Tabata:
Nimepapasa kwa tochi ya simu. Tairi ya nyuma kulia ina meno upande wa ndani, nayahisi wazi. Ya kushoto naona iko sawa. Zote mbili ni za majani, kutoka Japan, zimeandikwa 4115.

Tairi na Rimu:
Hizo ni za wiki ya 41 mwaka 2015. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi za majani ni za barafu, mpira wake ni laini umekusudiwa baridi. Kwenye lami ya Chalinze saa 8 mchana zinalika haraka na zinapiga kelele hata zikiwa nzima. Zitoe. Nunua mpya za Kichina, bei yake ni nafuu na zina udhamini.

Mwana wa Handeni:
Mpya za Kichina nazo si zote. Mimi nilipata zilizovimba ubavuni mapema kabisa. Mtumba mzuri wa Japan, wa kiangazi na usio mzee, naupenda kuliko mpya asiyejulikana kazaliwa wapi.

Tairi na Rimu:
Mtumba hujui umepigwa shimo wapi, umezibwa wapi, ulikaa juani miaka mingapi. Nyuzi za ndani huzioni kwa macho. Kwa familia siwezi kumshauri mtu mtumba, kamwe.

Rift Valley Driver:
Hapa mmehama kabisa. Kijana aliuliza beringi.

Mzee wa Propela:
Hawajahama sana. Gari ni 4WD. Nyuma za majani zimelika, mbele aina nyingine, vimo havilingani. Hapo kati kuna kapulingi ya mafuta mazito inayogawa nguvu mbele na nyuma, na magurudumu ya vimo tofauti yanaifanyisha kazi muda wote hata barabara iliyonyooka. Inapata joto. Kwa hiyo Kijana, tairi mbili mpya nyuma peke yake si jibu kamili kama za mbele zimeisha. Nazo ziko vipi?

Kijana wa Tabata:
Mbele bado zina kina kizuri, nusu hivi. Wakuu, leo nimehamisha za nyuma mbele na za mbele nyuma, nikaenda mpaka Mlandizi. Mvumo mwingine umekuja mbele, nausikia miguuni. Lakini nyuma bado kuna mwingine mdogo, kuanzia 70. Nimeweka fri, haukubadilika. Nimeyumba kushoto, naona kama ulizidi kidogo, lakini mke wangu anasema haukuzidi.

Fundi Kimara:
Basi inawezekana una vyote viwili, tairi na beringi ya kulia inayoanza. Meno ya upande wa ndani kwenye gurudumu moja tu yananitia shaka na shokapu ya kulia au gurudumu lenye mchezo. Piga jeki, shika juu na chini, sukuma na uvute. Ukihisi linacheza, mjadala wa tairi usubiri.

Rift Valley Driver:
Nilisema beringi.

Mwana wa Handeni:
Ulisema aachane na tairi pia.

Dada wa Mbezi:
Jamani tusigombane. Kaka, hata ukipata hela ya vyote, tarehe zinakubana. Kuna treni ya Moshi, ile iliyorudi mwaka 2019, familia ipande hiyo na wewe ubaki umalize gari. Tiketi za Desemba huisha mapema.

Kijana wa Tabata:
Wazo la treni nimelipeleka nyumbani, linajadiliwa. Jeki napiga Jumamosi kwa fundi mwingine, nitashika springi mwenyewe kama mzee alivyoelekeza. Mzee, nikihisi kukwaruza kidogo sana, kwa safari moja ya kwenda na kurudi inaweza kuvumilia?

Mzee wa Propela:
Hakuna atakayekupa jibu hilo kwa maandishi mwanangu. Zungusha la kulia, kisha la kushoto, ulinganishe. Na kwa kuwa umeshafungua magurudumu yote kuhamisha tairi, kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini pita na spana ukaze nati zote tena kwa mtindo wa nyota, yaani nati moja kisha ya mkabala wake.